Masharti ya mzuka: filamu na riwaya za kutisha za miaka ya karibuni, zipi zinashika ahadi

Hadithi za kutisha husimama juu ya masharti. Funguo sita tumia, ya saba usiiguse. Ukiitwa jina usiku, usigeuke. Sanduku hili usilifungue mpaka ufike kwako. Msikilizaji akishapewa sharti, kazi ya kuogopa anaifanya mwenyewe: anajua chumba cha saba kitafunguliwa, asichojua ni lini, na nani atakayelipa. Nimezipitisha filamu na riwaya kadhaa zilizotoka tangu 2014 kwenye kipimo hicho kimoja. Je, masharti ya mzuka yametajwa mapema? Yameshikwa? Na yalipovunjwa, kuna aliyelipa? Kipimo hiki kinachuja kuliko wingi wa damu. Miisho sitaifichua, isipokuwa pale ambapo dosari yenyewe iko mwishoni, na hapo nitatoa taarifa kwanza.

Tutenganishe kutisha na kugutusha, maana watu wengi huchanganya. Kugutusha ni ufundi wa sauti: muziki unakatwa, kelele za mazingira zinashushwa kwa sekunde chache, mhusika anafungua kabati, hamna kitu, anashusha pumzi, anageuka, halafu kishindo na uso. Hata paka akirukia meza kwa kishindo kile, utaruka. Ulioitika hapo ni mwili, si moyo. Na mwili huzoea upesi: mara ya tatu au ya nne mtazamaji ameshajifunza kwamba kimya cha ghafla ni tangazo la kishindo, basi anaziba masikio na kusubiri kipite. Taharuki ni kitu kingine. Alfred Hitchcock aliieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua kwamba lipo, umempa sekunde 15 za mshtuko, ukimwonyesha bomu mapema, huku waliokaa mezani wakiendelea na soga zao, umempa dakika 15 za taharuki. Sharti la mzuka ndilo bomu hilo. Ndiyo maana filamu yenye masharti yaliyonyooka hutisha hata ikitazamwa chumba kikiwa na taa.

Mfano ulionyooka kuliko yote ni Talk to Me, filamu ndefu ya kwanza ya mapacha wa Australia Danny na Michael Philippou, waliojijengea jina YouTube. Ilionyeshwa mara ya kwanza 2022 na kuingia kwenye majumba mengi ya sinema 2023. Vijana wana mkono wa maiti uliohifadhiwa. Unawasha mshumaa, unaushika mkono kama unayesalimiana na mtu, unatamka maneno ya kuita, na marehemu anaketi mbele yako. Ukitamka maneno ya kukaribisha, anakuingia. Sekunde 90 zisipite. Mwisho mshumaa uzimwe, ndipo mlango ufungwe. Masharti yote hayo yanasemwa katika sehemu ya mwanzo, tena na vijana wanaocheka huku wakirekodiana kwa simu.

Ustadi wake uko hapo kwenye vicheko. Wakati filamu nyingi za pepo hutanguliza huzuni na ukuta unaovuja, hii inauonyesha mchezo kama starehe: muziki wa sherehe, zamu baada ya zamu, macho meusi yaliyopanuka, mtu akiachiwa anapumua kwa raha kama aliyetoka kuogelea. Mtazamaji anatamani na yeye ajaribu. Kisha zamu inamfikia Riley, mdogo kuliko wote. Dada yake amekataa. Mia, aliyefiwa na mama yake, anaruhusu kwa sekunde 50 tu. Anayekuja ndani ya Riley anazungumza kama mama yake Mia, na Mia hawezi kuukatisha. Saa inaendelea kukimbia. Hakuna anayehitaji kueleza kitu, kwa sababu tunajua hesabu. Kinachofuata ni mojawapo ya matukio magumu kuyatazama katika filamu za muongo huu, na kimefanywa kwa nyama bandia na vipodozi usoni mwa mwigizaji, ndiyo maana uzito wake unaonekana. Tahadhari iwe wazi: ni ukatili juu ya mwili wa mtoto, na unarudiwa hospitalini. Nusu ya pili inalegea kidogo, maana masharti ya kumwandama mtu bila mkono hayakutajwa popote. Ila Sophie Wilde, anayemwigiza Mia, anaishika filamu kwa uso wake, na kiu ya Mia ya kumwona mama inatosha kueleza kila kosa analofanya.

It Follows (2014) ya David Robert Mitchell ina sharti jembamba zaidi. Laana hupita kwa tendo la ndoa. Ukishaipokea, kuna kitu kinakufuata kwa miguu. Hakikimbii hata siku moja, ila hakipumziki. Kinaweza kuwa na sura ya mgeni au ya mtu unayempenda, na wengine hawakioni. Kikimuua uliyempa, kinarudi kwako. Mjukuu wa Ringu, bila shaka, ile ya Hideo Nakata ya 1998 iliyotokana na riwaya ya Koji Suzuki ya 1991, ambamo kanda ya video inampa aliyeitazama siku saba. Tofauti ni kwamba kule kuna tarehe, huku kuna umbali. Mhusika anaweza kuendesha gari kwa muda wa saa tatu na kulala. Umbali huo ameununua, si kwamba ameufuta.

Mitchell anaigeuza fremu nzima kuwa kitu cha kuogopa. Anatumia lenzi pana, anamweka Jay, msichana anayefuatwa, katikati, na kuacha nyuma yake barabara, uwanja au ukumbi wa shule ukiwa wazi kabisa. Katika tukio moja kamera inazunguka yenyewe polepole duara zima, na dirishani, mbali, kuna mtu anayetembea kuelekea tulipo. Hakuna muziki unaokwambia umwangalie. Baada ya dakika 20 za filamu hii jicho lako halitulii kwa mhusika tena. Linapekua kingo za picha na kumchunguza kila mpita njia. Basi usiitazame kwenye simu. Yule mtu wa mbali kwenye skrini ya inchi sita ni mrefu kama punje ya mchele, na ukimkosa yeye umekosa filamu yote. Muziki wa Disasterpeace, wa sinteza nzito, ni mzuri hata ukiusikiliza peke yake, ingawa mara mbili tatu unapiga kelele pale ambapo kimya kingetosha.

Dosari yake iko kwenye mpango wa bwawa la kuogelea (anayetaka kuhifadhi mshangao aruke aya hii). Vijana wanapanga vifaa vya umeme kandokando ya bwawa wakitumaini kukiua kitu hicho majini. Kwa sharti gani? Filamu haikuwahi kutuonyesha kwamba umeme au maji yana nguvu juu yake. Hadi hapo kila hatua ilitokana na kanuni tuliyopewa. Bwawa linatokana na haja ya kuwa na tukio kubwa la mwisho. Fainali inabaki na picha nzuri zisizo na mashiko.

A Quiet Place (2018) ya John Krasinski inatimiza kile ambacho bwawa linashindwa kutimiza. Viumbe hawaoni, wanawinda kwa sauti. Familia inatembea peku juu ya njia za mchanga, mbao za ngazi zimewekwa alama pale zisipolia, na watu wanazungumza kwa lugha ya ishara, lugha waliyokuwa nayo tayari kwa kuwa binti yao Regan ni kiziwi. Mwigizaji wake, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli, na inaonekana: mikono ya kila mmoja ina lafudhi yake, ya baba fupi na kavu, ya mama laini. Kisha sharti linapanuliwa kwa haki. Baba anampeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji na kumfundisha kwamba sauti kubwa huficha ndogo. Hapo wanaweza hata kupiga kelele. Watu wamehoji kwa nini basi wasihamie kando ya maporomoko, na swali ni la haki. Lakini angalau kanuni mpya imeletwa mapema, na baadaye inatumika.

Na kuna msumari. Mama anapandisha mfuko wa nguo kwenye ngazi, mfuko unanasa, anauvuta, na msumari unabaki umesimama, ncha juu. Kamera inautazama kidogo, inaondoka. Kuanzia hapo kila anayeshuka ngazi zile peku anatembea juu ya mishipa ya mtazamaji. Ni mama mjamzito, siku zake zimekaribia, na hawezi kulia. Bomu la Hitchcock kwa kipimo cha sentimita chache za chuma. Anayetaka kujifunza kuandika hadithi za kutisha aanzie kwenye msumari ule.

Jambo la kiufundi kwa mtazamaji wa nyumbani: tunapoingia kwenye masikio ya Regan, sauti inakatwa kabisa, hata ule mvumo mdogo wa chumba haupo. Spika zako hazijaharibika. Ukiongeza sauti wakati huo, tukio linalofuata litakupasua masikio na kuharibu mpangilio wote. Weka kiwango cha sauti kwenye mazungumzo ya mwanzo ya kunong'ona, halafu uache.

Mzuka unaoelezwa mno

Kosa kubwa la filamu za sasa ni maelezo, kuliko hata huko kuvunja masharti. Mwongozaji anajenga saa moja na nusu ya giza lenye maana, kisha anaogopa kwamba hatukuelewa, anamleta mtu mwenye kitabu.

Hereditary (2018) ya Ari Aster inauma kwa sababu hiyo, maana theluthi mbili zake za mwanzo hazina mfano. Annie, anayeigizwa na Toni Collette, anachonga nyumba ndogo za vielelezo, na filamu inaanza kwa kamera kuingia katika mojawapo ya nyumba hizo mpaka chumba cha kuchezea kinakuwa chumba cha kweli cha mwanawe. Sharti limesemwa kwa picha: watu hawa wanasogezwa na mkono wa mtu mwingine. Baadaye kuna ajali barabarani, na hapo Aster anafanya uamuzi wa mtu anayeijua kazi. Hatuonyeshi kiti cha nyuma. Kamera inabaki kwenye uso wa kijana aliyeshika usukani, kwa muda mrefu kupita ustahimilivu. Anaendesha hadi nyumbani, anapanda kitandani kwa moyo mzito, macho wazi. Asubuhi tunamsikia mama akitoka kwenda kwenye gari, na tunamsikia anachokuta, huku bado tunautazama uso wa kijana. Sauti ya Collette pale haina uigizaji ndani yake. Ni kilio cha msiba wa kweli. Na kile kidoko cha ulimi cha binti mdogo, kilichopandwa mwanzoni kama tabia ya mtoto, baada ya tukio hili kinatosha kusimamisha nywele bila kiumbe chochote kuonekana.

Kisha (ruka hadi aya inayofuata kama hujaiona) zinakuja albamu za picha, kitabu chenye mistari iliyopigiwa alama, na katika dakika za mwisho sauti inayotangaza nani ni nani na wamekusanyika kwa nini. Kila neno la tangazo lile linapunguza kitu. Bila hilo, picha ya mwisho ingebaki kama ile ya kwanza: nyumba ndogo, watu wadogo, mkono usioonekana. Hata hivyo itazame. Theluthi mbili zile zinalipa deni lote.

The Substance (2024) ya Coralie Fargeat ina tatizo linalofanana, ila upande wa wingi. Masharti yake ni safi kama maelekezo ya dawa: mwili mpya unatoka ndani ya wako, kila mmoja anapewa siku saba, kimiminika cha kuuimarisha mwili mpya kinavutwa kila siku kutoka kwa wa asili, na nyinyi ni mmoja. Mwili mpya unapoiba saa chache za ziada, wa zamani unaamka na kidole kimoja kilichozeeka. Kidole kimoja tu! Malipo yanayopimika namna hiyo yanatisha kuliko maiti kumi, kwa kuwa unaanza kupiga hesabu mwenyewe: masaa yakizidi, nini kitafuata? Tuzo ya Oscar ya vipodozi na nywele iliyoipata 2025 inastahili. Demi Moore ana tukio mbele ya kioo, akijipaka na kujifuta kabla ya miadi ya jioni, ambalo halina damu hata tone na ndilo la kutisha kuliko yote. Lakini filamu ina dakika 141, na sehemu ya mwisho inamimina damu kwa ndoo mpaka masharti yenyewe yanasahaulika. Wenye tumbo jepesi wajue: sindano, mgongo unaopasuka, kamba wa baharini wakitafunwa, na sauti za kula zilizorekodiwa karibu mno.

Nyumba isiyohamika

Swali la zamani la nyumba yenye mizimu ni moja: kwa nini hawahami? Waandishi wengi hulijibu ovyo. Fedha zimeisha, gari limegoma, baba mkaidi. His House (2020) ya Remi Weekes inalijibu kwa namna ambayo sijaona filamu nyingine ikiifikia. Bol na Rial, mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini na kumpoteza msichana baharini, wanapewa nyumba chakavu Uingereza wakati ombi lao la hifadhi likichunguzwa. Wanasomewa masharti: wasifanye kazi, wasihame, waripoti. Usiku, ukutani, kuna kinachonong'ona. Rial anakijua. Anasimulia habari za mtu maskini aliyetamani nyumba yake mwenyewe, akaanza kuiba, mpaka siku akamwibia apeth, mchawi wa usiku. Nyumba ilipokamilika, apeth akahamia ndani yake.

Tazama masharti yanavyofumwa. Serikali inasema: mkihama, mtarudishwa mlikotoka. Apeth anasema: mna deni, mlipe. Wakibaki wanadaiwa, wakitoka wanafukuzwa. Bol anapoomba nyumba nyingine, ofisa anaona matundu aliyoyatoboa ukutani akimsaka mzuka, na matundu hayo yanakuwa ushahidi dhidi yake. Kila hatua ya kujiokoa kwenye sharti moja inavunja lile lingine. Hii ndiyo hati ya filamu iliyopangwa vizuri kuliko zote ninazozitaja hapa.

Kuna picha moja ya kukumbuka: Bol ameketi mezani anakula peke yake, kamera inarudi nyuma taratibu, na kuta hazipo, meza na kipande cha sakafu vinaelea katikati ya bahari, na majini kuna watu. Wala hatuambiwi kwa maneno kwamba hajawahi kushuka kwenye mashua ile. Wunmi Mosaku anacheza Rial kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona makubwa, kiasi kwamba mzuka anapozungumza naye, anayeonekana kuwa na wasiwasi ni mzuka. Sope Dirisu, kwa upande wake, anamfanya Bol kuwa mtu wa kuhurumiwa anapojaribu kununua nguo na kula kwa uma ili afanane na wenyeji. Siri inayofichuliwa karibu na mwisho si ya kushangaza kwa ajili ya kushangaza. Inageuza maana ya deni. Filamu ina dakika 93 na haina dakika ya kupoteza. Kiumbe chenyewe kinapoonekana kwa ukamilifu kinapungua uzito kidogo, kama ilivyo kawaida ya viumbe, lakini hapo kazi imeshafanyika.

Msomaji wa Kiswahili ana zawadi yake kwenye Get Out (2017) ya Jordan Peele. Wimbo unaofungua filamu, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga na unaimbwa kwa Kiswahili, ukimwonya ndugu akimbie, ajiokoe. Watazamaji wengi duniani waliusikia kama mnong'ono wa ajabu usio na maana. Wewe unaelewa tangu dakika za mwanzo kwamba Chris, mhusika mkuu, ameshaonywa na wahenga, na yeye hasikii. Matamshi ya kwaya yanahitaji sikio la makini, kwa hiyo usiuruke utangulizi huo wala usizungumze juu yake. Kwingineko Peele anapanda na kuvuna bila kupoteza mbegu: kijiko kinachokwangua kikombe cha chai, mwanga wa kamera ya simu, pamba inayotoka kwenye mikono ya kiti. Oscar ya hati asilia iliipata kwa haki.

Kwenye karatasi

Kitabu hakiwezi kumgutusha mtu. Msomaji ndiye anayeshika mwendo, anaweza kufunga kurasa na kwenda kunywa maji. Mwandishi amebakiwa na urefu wa sentensi, mpangilio wa taarifa, na nani anayesimulia. Kwa hiyo riwaya mbaya ya kutisha hujulikana haraka: inaeleza moyo ulivyodunda na jasho lilivyotoka. Hofu ya mhusika si hofu ya msomaji.

Fever Dream ya Samanta Schweblin wa Argentina, iliyotoka kwa Kihispania 2014 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiingereza na Megan McDowell, ni somo la kutosha. Amanda amelala kwenye zahanati ya kijijini, haoni, na mtoto anayeitwa David, ambaye si wake, anamhoji. Kitabu kizima ni mazungumzo hayo, bila sura. David anamkatiza: hilo si muhimu, endelea, tunatafuta wakati hasa minyoo ilipoanza. Kila anaposema hili si muhimu, msomaji anaanza kuogopa kile kilicho muhimu. Sharti liko kwenye jina la asili la kitabu, linalotaja umbali wa uokoaji: mama anapima daima ni hatua ngapi zinamtenganisha na bintiye, kana kwamba kuna uzi kati yao, na uzi unakazwa. Sumu yenyewe inapotokea haina pembe wala mkia. Ni kitu cha mashambani, na mama alikuwa karibu kabisa na mtoto ilipotokea. Kisome kwa mkao mmoja. Ni kifupi, na ukikiacha nusu kikapoa, utaupoteza uzi.

The Only Good Indians ya Stephen Graham Jones (2020) inataka subira zaidi. Wanaume wanne wa kabila la Blackfeet waliwinda kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya wazee, wakaua elk, wanyama wakubwa wanaofanana na swala, kupita kiasi, mmoja wao jike mwenye mimba. Lewis, mmoja wa wanaume hao, aliapa kwamba hakuna kipande cha jike yule kitakachopotea. Miaka kumi baadaye anamwona sebuleni. Theluthi ya kwanza ni bora kabisa, kwa sababu Jones anatuingiza katika kichwa cha Lewis taratibu kiasi kwamba mantiki yake inaonekana sahihi hadi pale tunapoona mikono yake imefanya nini. Kisha mwandishi anabadili usimulizi na kumpa jike nafsi ya pili, "wewe", na ghafla tuko upande wa mdai. Wasomaji wengine hukwama hapo. Inafaa kuvumilia, maana mchezo wa mpira wa kikapu karibu na mwisho, kitu kisichotarajiwa kabisa kwenye kitabu cha aina hii, unaamua hatima kwa kanuni ambazo kila mtu anazijua. Ukatili dhidi ya mbwa upo, na ni mzito.

Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia (2020) nitaisema kwa ufupi: nyumba ya High Place ina masharti ya kila siku, kimya mezani, marufuku kuvuta sigara, na Noemí, mgeni wa nyumba hiyo, anayavunja kwa furaha. Nusu ya kwanza ni ya mwendo wa pole mno. Uyoga unapoanza kufanya kazi, huwezi kukiweka chini.

The Reformatory ya Tananarive Due (2023) ina zaidi ya kurasa 500 na haichoshi. Florida, 1950: Robert Stephens, mtoto wa miaka 12, anampiga teke kijana wa kizungu akimtetea dada yake, anahukumiwa miezi sita katika shule ya kurekebisha tabia. Ana kipaji cha kuona mizimu ya wavulana waliofia pale, na msimamizi wa shule anataka kukitumia kuikamata. Due aliiunda shule hiyo kutokana na shule ya Dozier ya Marianna, Florida, ilikofia ndugu wa ukoo wake. Shule ile ilifungwa 2011 na makaburi yasiyo na alama yamefukuliwa hapo. Katika riwaya hii mizimu haina haraka na haidanganyi. Wanaovunja masharti ni walio hai: hakimu, mlinzi, mwalimu. Robert anapojifunza kanuni za wafu anapata pa kushika, lakini kanuni za shule zinabadilika kila asubuhi kulingana na mtu mmoja alivyoamka. Sura za dada yake Gloria akihangaika nje na barua na mawakili zinaonekana kupunguza kasi. Ndizo zinazokuhesabia siku.

Bird Box isomwe kabla ya kutazamwa. Riwaya ya Josh Malerman (2014), ambayo sharti lake ni kutofumbua macho ukiwa nje, inakufunga macho pamoja na Malorie, mhusika wake mkuu: mtoni, kitambaa usoni, anasikia kitu majini, na sentensi haikupi kitu kingine zaidi ya alichosikia. Filamu ya 2018 ina Sandra Bullock mwenye nguvu, lakini kamera haiwezi kufumba macho. Tunaona mto, tunaona miti, tunajua pale hakuna kitu, na sharti linabaki la wahusika peke yao.

Kuhusu mazingira ya kutazama: vionjo (trela) epuka kabisa, hasa vya filamu za aina hii, kwa kuwa huchukua matukio matano yenye nguvu na kuyaonyesha bila masharti yake. Anayeanza aanze na A Quiet Place, aende Get Out, kisha His House akiwa na manukuu yamewashwa, maana mazungumzo mengi si ya Kiingereza. Hereditary na Talk to Me zisubiri, na anayeomboleza msiba wa karibu aziache zote mbili kwa sasa.

Skinamarink (2022) ya Kyle Edward Ball ni ya mwisho kabisa, na si ya kila mtu. Ilitengenezwa kwa dola 15,000 za Marekani katika nyumba aliyokulia mwongozaji. Watoto wawili wanaamka usiku, baba hayupo, milango na madirisha yanatoweka. Nyuso hazionekani, kamera inatazama pembe za dari, zulia, mwanga wa televisheni, na picha ina chenga nyingi kiasi kwamba giza lenyewe linachemka na jicho linaanza kubuni maumbo. Mchana, au ukiwa na simu mkononi, ni dakika 100 za kuta. Taa zote zizimwe, spika za masikioni ziwe zimebana vizuri, na mwanga wa skrini uushushe mpaka chenga zile zionekane kwa shida. Manukuu yawe wazi, kwa sababu minong'ono mingine haisikiki bila hayo. Baada ya dakika 30, kama jicho lako bado halijaanza kuona kitu kwenye ile pembe ya dari, zima tu; haitabadilika.